Je, niwatenge watu wenye ulemavu katika utafiti wangu wa presha?

"Nasomea uzamili wa afya ya jamii hapa Nairobi. Utafiti wangu unahusu shinikizo la damu kwa watu wazima katika mitaa ya Embakasi, na sampuli ni watu 384. Wahoji watawapigia simu kupanga miadi, kisha mshiriki aje zahanati kupimwa presha, uzito na kimo, na kujibu dodoso la dakika 45. Kwenye vigezo vya kuwatenga niliandika 'wenye ulemavu unaozuia mawasiliano au vipimo'. Kamati ya maadili imenirudishia pendekezo na kuniuliza sababu. Msimamizi wangu asema niongeze sentensi moja tu ya kuwaridhisha. Sitaki kudanganya, lakini bajeti yangu yote ni shilingi 350,000, sina mkalimani, na naogopa vipimo vyao vitaniharibia takwimu. Pia naogopa kumuumiza mtu kwa kutojua. Nifanye nini?"

Una hofu tatu hapo: pesa, takwimu na usalama wa mshiriki. Naanza na takwimu, kwa kuwa hapo ndipo umeshika jambo kinyume, na ukilielewa vizuri mengine yatakuwa mepesi.

Unadhani kuwaingiza watu wenye ulemavu kutaharibu takwimu zako. Kwa utafiti wa presha, kuwatoa ndiko kunakoziharibu. Presha isiyotibiwa huleta kiharusi, huua figo na hudhuru macho. Mzee wa Tassia, huko Embakasi, aliyepooza upande wa kulia na kupoteza usemi miaka miwili iliyopita ana "ulemavu unaozuia mawasiliano" kwa maneno yako mwenyewe, na huenda presha ndiyo iliyompooza. Ukimwondoa, umewaondoa wale ambao ugonjwa unaoutafiti umewaumiza zaidi. Kiwango cha presha katika mtaa kitaonekana kidogo kuliko kilivyo, na asilimia ya waliodhibiti presha yao itaonekana nzuri kuliko ilivyo. Kosa hilo halipungui hata ukiongeza sampuli hadi elfu moja, kwa sababu linasukuma matokeo upande mmoja kila mara.

Kuna tatizo la pili katika kigezo chako. Nani ataamua kwamba ulemavu fulani "unazuia"? Ni mhoji, akiwa mlangoni saa tisa alasiri, amechoka, akiwa amebakisha nyumba nne. Mmoja atamwona mtu mwenye mtindio wa ubongo anayezungumza polepole akamwandika "hawezi kuwasiliana". Mwingine atavuta kiti amsikilize. Kigezo kinachotegemea subira ya mhoji hakiwezi kurudiwa na mtafiti mwingine, na kamati ina haki ya kukikataa kwa hilo pekee, hata kabla ya kufungua Katiba. Ukiifungua, Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, Breili au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa.

Sasa tupige hesabu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu wenye ulemavu kuwa asilimia 2.2 ya Wakenya wa miaka 5 na zaidi. Katika watu 384 hao ni wanane au tisa. Usishangae ukipata zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 16 ya watu duniani wana ulemavu mkubwa, na sensa yetu wenyewe ya 2009 ilitoa asilimia 3.5. Tofauti hizi zinatokana sana na jinsi swali linavyoulizwa na mahali mstari unapochorwa. Ukimuuliza mtu "Je, una ulemavu?" wengi watasema hapana: bibi asiyeona vizuri atakwambia ni uzee tu, na familia inayoona aibu itanyamaza. Ndiyo maana sensa ya 2019 ilitumia maswali sita ya Kundi la Washington, kundi la wataalamu wa takwimu za ulemavu, ambayo hayataji neno ulemavu kabisa. Yanauliza kama mtu anapata ugumu kuona hata akivaa miwani, kusikia hata akitumia kifaa cha kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kumakinika, kujihudumia kama kuoga na kuvaa, na kuelewana na wengine kwa lugha yake ya kawaida. Majibu ni manne: hakuna ugumu, ugumu kiasi, ugumu mkubwa, siwezi kabisa. Anayejibu "ugumu mkubwa" au "siwezi kabisa" kwa swali lolote anahesabiwa. Weka maswali hayo sita mwanzoni mwa dodoso, yaulize kwa kila mtu, na usimdai yeyote kadi ya usajili wa ulemavu. Hayachukui zaidi ya dakika mbili au tatu.

Watu tisa hawatoshi kusema chochote kuhusu presha ya watu wenye ulemavu wakiwa peke yao. Ikiwa watatu kati yao wana presha, kosa la makadirio ni takriban alama 30 za asilimia kila upande, na namba ya namna hiyo haifai kuandikwa kwenye jedwali. Kwa hiyo amua leo swali lako ni lipi. Kama unataka kiwango cha presha cha mtaa mzima, wajumuishe bila kuongeza idadi, na usiwatenganishe katika matokeo. Kama unataka kuwalinganisha na wengine, unahitaji kama watu 96 wenye ulemavu ili kosa lisizidi alama 10, na italazimu uwachukue kwa wingi kuliko sehemu yao halisi kisha urekebishe uzito wa kitakwimu wakati wa uchambuzi. Kwa shilingi 350,000 nakushauri uchague la kwanza, na uandike waziwazi kwamba hukukusudia kulinganisha. Kamati hupokea vizuri mpaka ulioelezwa kwa ukweli. Inachokataa ni mpaka uliofichwa.

Tukiwa hapohapo kwenye sampuli: mpango wako wa kupiga simu kwanza umeshawatoa viziwi kabla hata ya kigezo chochote. Andaa ujumbe mfupi wa maandishi wenye maneno yaleyale ya simu, na umruhusu mtu apange miadi kwa ujumbe au kwa simu ya video, bando ukilipa wewe. Kisha, mnapoorodhesha wanakaya, mhoji asiulize "mko wangapi?" pekee. Aulize "mko wangapi, pamoja na wasiotoka nje na wanaohitaji kusaidiwa?" Swali hilo moja hufichua mtu aliyekuwa chumba cha ndani. Na ukumbuke mtaa wa Pipeline na ploti zake za ghorofa sita, saba, bila lifti. Mtu wa kiti cha magurudumu anayeishi juu huenda hashuki kwa wiki nzima. Kumwambia aje zahanati ni kumtenga kwa njia nyingine. Ruhusu katika itifaki kwamba vipimo vinaweza kufanyiwa nyumbani, kwa mashine ileile na hatua zilezile. Anayeweza kuja, mlipie nauli yake halisi na ya msaidizi wake, mkononi au kwa M-Pesa siku hiyohiyo. Matatu nyingi hazimpakii mtu na kiti chake, au humtoza nafasi mbili, kwa hiyo nauli ya kawaida ya mtaani haitamfikisha.

Ridhaa ndiyo sehemu inayoharibika mara nyingi zaidi. Wengi hudhani kiziwi atapewa fomu asome, basi. Lugha ya Ishara ya Kenya ina sarufi yake. Si Kiswahili wala Kiingereza kinachooneshwa kwa mikono. Viziwi wengi walifundishwa kusoma kwa lugha ambayo hawakuwahi kuisikia, na fomu yenye maneno kama "kwa hiari" na "bila kupoteza haki yoyote" inaweza kutiwa sahihi bila kueleweka hata kidogo. Njia bora kwa bajeti ndogo ni kurekodi video moja ya fomu yako, ikioneshwa na mtu ambaye ni kiziwi mwenyewe. Kisha umwombe mkalimani ambaye hakuiona fomu aitazame video hiyo na kuirudisha kwa Kiswahili, ulinganishe. Mahali maana ilipopotea, rekodini upya. Video ya dakika sita au saba inatosha, na itakufaa kwa kila mshiriki.

Kwa dodoso lenyewe unahitaji mkalimani. Usimtumie dada, mama au mtoto wa mshiriki, hata wakijitolea kwa moyo mweupe. Ndugu hufupisha, hujibu kwa niaba yake, na husikia mambo ambayo mshiriki hangetaka wayajue: pombe, sigara, dawa alizoacha kumeza. Takwimu zako za unywaji zitakuwa za ndugu, si za mshiriki. Mkalimani atie sahihi ahadi ya usiri, apewe dodoso siku mbili kabla, na akae kando ya mhoji ili mshiriki awaone wote wawili kwa pamoja. Dirisha lisiwe nyuma yao, maana uso na mikono iliyo gizani haisomeki. Mhoji amtazame mshiriki na kumsemesha yeye. "Muulize kama anavuta sigara" ni kosa, sema "Je, unavuta sigara?" Dakika zako 45 zitakuwa 90. Mkalimani mmoja huanza kuchoka na kukosea baada ya dakika 20 au 30 mfululizo, kwa hiyo weka mapumziko au tafuta wawili wapokezane. Utawakuta pia viziwi ambao hawakusoma na wanatumia ishara za nyumbani tu. Hapo huhitajika kiziwi mwenye uzoefu wa kuwasiliana nao, akifanya kazi pamoja na mkalimani anayesikia.

Kwa asiyeona, Breili husaidia tu kama anaisoma, muulize kwanza. Kwa wengine, soma fomu yote kwa sauti mbele ya shahidi asiye wa timu yako, na umwachie nakala ya sauti kwenye simu yake. Asiyeona na mwenye sahihi yake asilazimishwe kutia kidole gumba. Kata kijidirisha kwenye kadi ngumu, ukiweke juu ya mstari, naye atasaini ndani yake. Kwa uoni hafifu, wakiwemo watu wengi wenye ualbino, chapa kwa herufi za ukubwa wa 18 au zaidi, nyeusi kwenye karatasi isiyong'aa.

Mtu aliyepoteza usemi kwa kiharusi, au mwenye ulemavu wa akili, hapaswi kuhukumiwa kwa kumtazama. Uwezo wa kuridhia hupimwa kwa jambo moja mahususi: je, anaelewa kwamba huu ni utafiti, utamfanyia nini, na kwamba anaweza kukataa? Tumia sentensi fupi, wazo moja kila moja, na picha za mashine ya presha na mizani. Kisha mwombe akuoneshe au akueleze ulichosema, na akikosea rudia kwa njia nyingine. Kutikisa kichwa kwa kila swali si ridhaa. Jaribu swali ambalo jibu lake sahihi ni "hapana" uone. Kama baada ya msaada wote hajaelewa, usikimbilie sahihi ya ndugu. Hilo linahitaji utaratibu ulioidhinishwa na kamati kabla ya kuanza, na hata ukiwepo, mtu anayevuta mkono wake wakati wa kufungwa ukanda wa mashine ya presha amekwisha kukataa.

Tuje kwenye vipimo. Utaratibu wa presha unaujua: apumzike dakika 5, mgongo uegemee, miguu isikunjwe, mkono uwe usawa wa moyo, pima mara mbili au tatu kwa kupishana dakika moja. Kwa kiziwi, eleza yote kabla ya kufunga ukanda, kwa sababu anayetumia ishara huzungumza kwa mikono, na kuusogeza mkono wakati mashine inapima huharibu kipimo kama vile kuongea kunavyofanya. Kubalianeni ishara moja ya mkono wa pili ya kusema "simamisha". Kwa aliyepooza upande mmoja, pima mkono usiopooza. Kwa anayesafishwa damu kwa ajili ya figo, usiguse kamwe mkono wenye mshipa uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Watu wanaojisukuma kwa kiti cha magurudumu mara nyingi wana mikono minene, na ukanda mdogo hutoa presha ya juu kuliko ilivyo. Pima mzunguko wa mkono kwa utepe: ukanda wa kawaida hufaa sentimita 22 hadi 32, mkubwa 32 hadi 42. Bila ukanda mkubwa, usipime ukajidanganya.

Usome vizuri hapa, kwa sababu ndipo hofu yako ya kumuumiza mtu ina msingi. Mtu aliyeumia uti wa mgongo katika pingili ya 6 ya kifua au juu yake mara nyingi huwa na presha ndogo, namba yake ya juu ikiwa 90 hadi 110. Mwili wake ukipata kero chini ya jeraha, hasa kibofu kilichojaa au mpira wa mkojo uliojikunja, presha inaweza kupanda ghafla kwa 20 hadi 40 au zaidi. Kwenye fomu yako 135 itaonekana ya kawaida. Kwake inaweza kuwa dharura. Dalili ni kichwa kuuma kwa nguvu, uso kuwa mwekundu au joto na kutoka jasho juu ya jeraha. Mkalishe wima, legeza mishipi na nguo, kagua mpira na mfuko wa mkojo, pima tena kila dakika 2 hadi 5. Isiposhuka upesi, hospitali mara moja, na uwaambie neno kwa neno kwamba ameumia uti wa mgongo. Kabla ya kumpima mshiriki kama huyo, muulize presha yake ya kawaida ni ngapi. Wengi wanaijua kuliko wewe.

Uzito wa mtu wa kiti hupatikana kwa mizani ya jukwaa: mpime na kiti, kisha kiti peke yake, utoe. Vitengo vya kusafisha damu huwa nayo mara nyingi; omba muda wa kuitumia. Kimo kikadirie kwa uwazi wa mikono miwili iliyonyooshwa au kwa urefu wa goti, na uandike kwenye safu yake umetumia njia gani, ili usichanganye vimo vilivyokadiriwa na vilivyopimwa bila kujua. Uwiano wa uzito na kimo huwadanganya walioumia uti wa mgongo, maana misuli hupungua na mafuta kuongezeka bila uzito kupanda. Ikishindikana kabisa, acha nafasi wazi na uandike sababu. Kipimo kimoja kilichokosekana hakimwondoi mtu kwenye utafiti.

Kuhusu pesa, wanaopanga miradi jumuishi huanza na asilimia 3 hadi 5 ya bajeti, yaani shilingi 10,500 hadi 17,500 kwako. Ni kidogo, kwa hiyo ipange kwa akili: miadi ya viziwi wote iwe siku moja au mbili ili umlipe mkalimani kwa siku, nauli uilipe kwa risiti, na video uirekodi kwa simu nzuri. Kata kwenye uchapishaji kama ni lazima. Usikate kwa mkalimani.

Neno moja juu ya faragha. "Mwanamke kiziwi, miaka 34" katika mtaa mmoja anaweza kujulikana na kila jirani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu hali ya afya kuwa taarifa nyeti. Unganisha makundi yenye watu chini ya watano, na video za mahojiano ya ishara zifungwe kwa nywila na zifutwe baada ya kutafsiriwa, kwani uso hauwezi kufichwa kama sauti.

Sasa futa kile kigezo, na badala yake uandike: "Hakuna atakayetengwa kwa sababu ya ulemavu. Mshiriki atapewa njia ya mawasiliano anayoichagua. Asiyeweza kupimwa kipimo fulani atabaki katika utafiti, na kipimo hicho kitaandikwa kuwa hakikupatikana pamoja na sababu." Chini yake weka mistari ya bajeti. Hiyo ndiyo itakayowaridhisha kamati, na msimamizi wako ataona kwamba haikuongeza zaidi ya ukurasa mmoja.

Yako mambo ambayo makala haiwezi kukumalizia. Nenda uonane na mtakwimu kabla ya kukusanya data ikiwa utachagua kulinganisha makundi, kwa sababu uzito wa sampuli haurekebishiki baadaye kama hukuandika ulivyochagua watu. Peleka dodoso na video kwa chama cha watu wenye ulemavu wenyewe, kama Kenya National Association of the Deaf kwa upande wa ishara na Kenya Union of the Blind kwa upande wa kutoona, uwalipe wakujaribie kwa nusu siku. Keti na daktari au muuguzi wa zahanati mkubaliane kwa maandishi mshiriki apelekwe wapi presha ikifika 180 kwa 120, na gari ni la nani. Na kama utabadilisha chochote baada ya kuidhinishwa, hata video ya ridhaa, irudishe kwa kamati kabla ya kuitumia kwa mshiriki wa kwanza.